Jinsi ya kuipa herufi mwili kwa kompyuta

JE, msomaji, umewahi kusimama kidogo mbele ya sanamu ya wanaume watatu iliyo Kenyatta Avenue, katikati mwa jiji la Nairobi? Iliwekwa kuwakumbuka askari na wachukuzi wa Kiafrika waliohudumu katika Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918, na chini yake pana maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Tangu zamani watu walijua kwamba neno linalotakiwa kudumu haliachiwi wino peke yake. Hupewa mwili.

Siku hizi kazi hiyo huanzia kwenye kompyuta. Jina la duka huko River Road, nambari ya nyumba mtaani Kileleshwa au jina la familia kwenye geti la Lavington huweza kuchorwa kwanza kwa programu ya uchoraji wa kiufundi, kisha likapelekwa kwa mashine ya kukata chuma au ya kuchapa vitu vya plastiki. Hata hivyo, ukienda kwa fundi bila kujua mambo machache, unaweza kulipia bamba zima na kurudi nyumbani na vipande.

Jambo la kwanza ni kwamba si kila herufi ya kompyuta inaweza kupewa unene. Fikiria boksi la mbao ambalo mjenzi hulimiminia zege. Mbao zikikutana vizuri pembeni, zege hukaa na kushika umbo. Pakiwa na pengo, humwagika. Herufi nayo ni vivyo hivyo. Ni lazima mstari wake wa nje uzunguke na kujifunga ndipo programu ijue ndani ni wapi na nje ni wapi.

Ndiyo sababu fonti zina maana kubwa. AutoCAD, programu iliyotoka mwaka wa 1982 na inayojulikana sana kwa wachoraji wa majengo, ina fonti zake za zamani ambazo herufi ni mstari mmoja tu, kama uliochorwa kwa kalamu. Hizo zinafaa kuandikia vipimo kwenye ramani ya nyumba, lakini hazina tumbo la kujazwa. Fonti za kawaida za TrueType zina mstari wa nje uliofungwa. Hata hizo, AutoCAD haizipi unene moja kwa moja. Inakubidi kwanza kuyavunja maneno yawe mistari, uhakikishe mistari hiyo imefungwa, kisha ndipo uivute kwenda juu.

Kama huna AutoCAD, usife moyo. FreeCAD na Blender ni za bure. FreeCAD hukuomba maneno, kimo cha herufi na faili ya fonti, kisha unalivuta umbo kwa unene unaoutaka. Kwa mtoto wa shule, Tinkercad ni rahisi zaidi: hutumika kwenye intaneti bila malipo, na maneno huja yakiwa tayari na mwili.

Jambo la pili ni vipande vinavyoelea. Andika Wanjiku kwa herufi ndogo, na utaona nukta mbili, ya j na ya i, ambazo hazikugusa chochote. Jina Ng'ang'a lina vibainishi viwili vilivyo hewani. Ukikatiwa jina hilo kwa chuma, vipande hivyo vitaanguka chini ya meza ya fundi. Aidha, fundi akitoboa neno KARIBU kwenye bamba, matumbo manne yatadondoka: moja la A, moja la R na mawili ya B. Dawa yake ni kuweka kibao nyuma ya herufi zote, au kuacha vidaraja vyembamba vya kushikilia vipande hivyo.

Jambo la tatu ni vipimo. Faili za aina ya STL, ambazo hutumiwa sana na mashine za kuchapa vitu, hazibebi kipimo. Ndani yake mna nambari tupu. Ulichochora kwa milimita kikisomwa kwa inchi, kitakuwa kikubwa mara 25.4. Kwa hivyo mwandikie fundi waziwazi: upana milimita 300, unene milimita 5. Kumbuka pia kwamba mdomo wa mashine nyingi za kuchapa plastiki una upana wa milimita 0.4. Mkia wa herufi ulio mwembamba kuliko hapo huenda usitokee.

Mzazi, usidhani haya ni michezo ya kompyuta. Mafundi wa jua kali wa Kawangware na Kangemi wanaijua tabia ya chuma kuliko kompyuta yoyote. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayeweza kuandaa faili safi isiyoharibu bamba, anaweza kushirikiana nao na kupata riziki. Mteja naye hataumia.

Ukitaka kuanza, huhitaji hata umeme. Jioni ya leo, mpe mtoto gazeti kuukuu na mkasi. Aandike jina lake kwa herufi nene, kisha alikate lote bila kipande kuachana na kingine. Atagundua mwenyewe nukta inayodondoka na tumbo la herufi linalotoka. Akishapata njia ya kulishikilia jina lake lote pamoja kwa karatasi, ataijua pia njia ya kulikata kwa chuma.