Je, Wajua? Kamera ya geti huzima usiku kwa sababu ya waya

Stima inayoingia nyumba ya Section 58, Nakuru, ni ya volti 240, lakini kamera nyingi za ulinzi hutumia volti 12 tu. Volti hizo chache ni salama kushika, ila huchoka njiani. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, uuvute mita 40 kutoka sebuleni hadi getini. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo safari ni mita 80. Mchana kamera hustahimili. Giza likiingia, taa zake za infraredi huwaka. Ikivuta ampea 0.5, volti 1.4 hivi hupotea na getini zinafika 10.6. Picha hukatika, tena saa ileile ya mwizi!

Waya wa alumini uliopakwa shaba, ule wa bei ya kuvutia, huzidisha hasara. Fundi mjuzi huchagua waya mnene, au hupitisha volti 48 hivi ndani ya kebo ya mtandao inayobeba picha, hadi mita 100. Volti zikiwa mara nne, ampea hubaki robo, na kwa waya uleule umeme unaopotea ni sehemu moja tu kati ya 16.