Springla inayosimama katikati ya bustani: tatizo ni chombo au ni maji?

Msikilizaji, huenda umeiona dukani. Ni bomba jembamba lililopinda kidogo, lenye matundu madogo kama 15 au 20 yaliyopangwa mstari mmoja, limekaa juu ya miguu ya plastiki. Ukiliunganisha na mpira wa maji linainamia upande mmoja, linanyanyuka, kisha linainamia upande wa pili, na maji yanaruka juu kama pazia. Wengine huiita kinyunyizio cha kuyumba. Kwenye boksi huwa kuna picha ya nyasi za kijani na watoto wanaocheza.

Nilinunua moja miaka michache iliyopita kwa ajili ya bustani ya mama kijijini, matuta ya mchicha na nyanya, mita 10 kwa mita 20. Mama alikuwa anamwagilia kwa keni na mgongo ulishaanza kumsumbua. Tangi letu lilikuwa juu ya mnara wa matofali wa mita 3. Tulifungua koki. Bomba likatetemeka, likainama nusu, likasimama hapo hapo. Maji yakabubujika kwenye tuta moja hadi mchicha ukalala, na nyanya za upande wa pili hazikupata hata tone.

Mama aliitazama, akasema, "Mwanangu, hii umeileta inyweshe au inywe?" Akachukua keni yake.

Kesho yake nilimwita fundi bomba. Hata kuigusa springla hakuigusa. Aliangalia juu kwenye tangi, akauliza, "Kijana wangu, maji haya yanashuka kutoka mita ngapi?"

Kinachoisukuma ni maji yenyewe

Springla ya aina hii haina mota wala betri. Ndani ya kile kiboksi kidogo karibu na mdomo wa mpira kuna gurudumu dogo lenye mapanga. Maji yakipita yanalizungusha kwa kasi. Gurudumu linasukuma gia kadhaa za plastiki, ambazo zinapunguza mwendo ule wa kasi uwe wa polepole lakini wenye nguvu, na gia ya mwisho inavuta mkono unaoinamisha bomba huku na huku. Kwa hiyo maji yana kazi mbili: kuzungusha mashine na kuruka hewani. Yakikosa nguvu, yote mawili yanaharibika.

Nguvu hiyo ndiyo tunayoiita presha, na kwa maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi hesabu yake ni rahisi. Kila mita 10 za kimo zinatoa presha ya bar 1. Haijalishi tangi ni la lita 500 au lita 10,000, linalohesabiwa ni kimo peke yake. Springla nyingi za kuyumba zinataka bar 2 au zaidi ili zifanye kazi vizuri. Tangi la mita 3 linatoa bar 0.3. Ili kufikia bar 2 ungehitaji tangi lililo mita 20 juu, yaani kwenye kilele cha mnazi mrefu. Hakuna anayejenga mnara wa namna hiyo kwa ajili ya mchicha.

Chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nyasi za nyumba za mijini, kule Ulaya na Marekani. Katika miji mingi ya Marekani maji ya bomba hufika nyumbani yakiwa na bar 3 hadi 4, yameshachujwa, hayana mchanga. Tena mwenye nyumba anaitumia kiangazi tu. Akiifungua saa moja mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, hazifiki saa 40 kwa mwaka. Mkulima wa mboga anayemwagilia saa mbili kila siku kwa miezi mitano amefikisha saa 300. Sisemi ni chombo kibovu, ila boksi halikuambii kwamba kazi yako si ile iliyo kwenye picha.

Pampu inasaidia, lakini soma kibati vizuri

Mwaka uliofuata tulipata pampu ndogo ya petroli, na springla ikafanya kazi siku ya kwanza. Mama akacheka. Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Kwenye kibati cha pampu utakuta namba mbili, kwa mfano mita 30 na lita 600 kwa dakika. Namba hizo hazipatikani kwa wakati mmoja. Mita 30 ni nguvu ya pampu wakati maji hayatoki kabisa, na lita 600 ni wakati maji yanamwagika bila kizuizi chochote. Ukiwa kazini unapata kitu cha katikati.

Halafu punguza vimo. Kama mto uko mita 5 chini ya pampu na bustani iko mita 6 juu yake, mita 11 zimeshaliwa kabla hujaanza. Zinabaki 19, nazo mpira unataka sehemu yake.

Mpira! Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Ukipitisha lita 10 kwa dakika kwenye mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 30, msuguano unakula kama mita 6 za kimo. Ukitumia mpira wa robo tatu inchi kwa maji yale yale na umbali ule ule, unapoteza chini ya mita 1. Tofauti hiyo inatosha kufanya springla iyumbe au isimame. Kabla ya kuilaumu springla, angalia mpira.

Kosa la upande wa pili ni kufunga springla moja ndogo kwenye pampu ya inchi mbili. Springla inapitisha maji kidogo sana, kwa hiyo presha inapanda, mpira unachomoka, na maji yanayozunguka ndani ya pampu yanapata moto. Weka tii yenye koki itakayorudisha maji ya ziada kisimani au mtoni, au funga springla kadhaa kwa pamoja.

Mchanga

Springla ya mama ilidumu msimu mmoja na nusu. Kwanza ilianza kutoa sauti ya kukwaruza, kisha ikawa inayumba upande mmoja tu, mwisho ikakataa. Niliifungua mezani. Meno ya gia mbili yalikuwa yamelika hadi kuwa laini, na chini ya gurudumu kulikuwa na mchanga wa kujaza kijiko cha chai. Maji yetu yanatoka mtoni.

Ukitaka kujua kama maji yako yatakufanyia hivyo, jaza chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iache saa moja mahali pametulia, kisha uangalie chini. Ukiona utando wa mchanga, ujue kila saa ya kumwagilia unapitisha msasa kwenye gia.

Njia za kuupunguza si za gharama. Usilaze mdomo wa bomba la kuvuta maji chini kabisa ya mto au kisima. Ufunge kwenye dumu tupu lililozibwa ili lielee, mdomo uning'inie kama nusu mita chini ya uso wa maji, mbali na mchanga wa chini na mbali na majani ya juu. Kama una tangi, toleo la maji liwe kama sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu yake, na uache maji yatulie kabla ya kuyatumia. Chujio liwekwe baada ya pampu, kabla ya springla. Kitambaa kizito kwenye mdomo wa kuvuta si chujio, kinaikaba pampu.

Kwa wanaotumia kisima kirefu chenye maji ya chumvichumvi, adui ni ule ugaga mweupe unaoziba matundu. Loweka bomba kwenye siki saa moja hivi, kisha suuza. Springla nyingi zina kizibo mwishoni mwa bomba chenye pini ndogo iliyojificha ndani, na wengi hutupa springla bila kujua kwamba wamepewa kifaa cha kuzibulia. Usitumie msumari. Tundu likipanuka, maji yanatoka mengi hapo, presha inashuka, na matundu mengine yanabaki kulia machozi tu.

Jua nalo linaua. Plastiki iliyoachwa juani miezi mingi hupauka na kuwa kavu, siku moja mguu unavunjika ukiikanyaga kidogo. Ukimaliza, mwaga maji yaliyobaki ndani na uiweke kivulini. Wala usilisukume bomba kwa mkono likiwa limekwama, kwa kuwa unazilazimisha gia kuzunguka kinyume, na meno ya plastiki hayavumilii.

Ile inayogonga

Mwenye presha ya kutosha na shamba kubwa kidogo, ushauri wangu ni aangalie springla ya kugonga, ile inayolia tik-tik-tik. Ilibuniwa mwaka 1933 na Orton Englehart, mkulima wa machungwa wa Glendora, California, na ikapata hataza mwaka 1935. Haina gia. Maji yanatoka kwenye mdomo mmoja, yanapiga mkono wenye springi, mkono unarudi na kugonga, na kila kigongo kinasogeza springla kidogo hadi inazunguka yote. Mdomo wake mara nyingi una upana wa milimita 3 hadi 5, kwa hiyo chembe inayoziba tundu la milimita 1 inapita tu. Ya shaba inadumu, na springi au washa ikichoka unabadilisha hiyo hiyo.

Nayo inataka bar 2 au zaidi, isikudanganye. Ndiyo maana utaiona sana kwenye milima, kama Meru na Kirinyaga nchini Kenya, ambako wakulima huvuta maji kutoka juu ya mlima kwa bomba na mteremko wenyewe unatoa presha bila petroli. Mdomo wa milimita 4 kwa bar 2.5 unatoa karibu lita 1,000 kwa saa.

Ila nitaitetea kidogo ile ya kuyumba. Matone yake ni laini kwa miche michanga kwenye kitalu, na inamwagilia umbo la mstatili kama tuta, wakati ile ya kugonga inachora duara.

Na kama tangi lako ni la mita 2 au 3 na huna pampu, usinunue yoyote kati ya hizo mbili. Mipira ya matone inafanya kazi hata kwa mita 1 ya kimo, mradi maji yachujwe vizuri.

Makopo tisa na rula

Uliyonayo tayari, ipime. Chukua makopo tisa ya aina moja yenye kuta zilizonyooka, yatawanye bustanini, fungua maji nusu saa, kisha pima kina kwa rula. Milimita 1 ni sawa na lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mboga kwenye joto kali zinahitaji takriban milimita 5 kwa siku, kwa hiyo bustani ya mama ya mita za mraba 200 inataka lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kwa springla ya lita 600 kwa saa, hiyo ni saa moja na dakika 40.

Kwa springla za kuyumba za bei nafuu utaona makopo ya pembeni yamejaa kuliko ya katikati, kwa sababu bomba linasita kidogo kila linapogeuka. Ya kugonga mara nyingi ni kinyume, mbali kunapata kidogo, ndiyo maana zinapangwa ili maji ya moja yafike hadi kwenye mguu wa nyingine. Fanya kipimo hiki asubuhi na mapema, upepo haujaamka, na huo ndio wakati mzuri wa kumwagilia nyanya pia, ili majani yakauke kabla ya usiku.

Mama sasa ana ya kugonga, moja, ya shaba, na mpira wa robo tatu. Ile ya zamani hakuitupa. Alinifanya niitoe gia, nikalifunga lile bomba la matundu lisiyumbe, na analitumia kwenye kitalu. Kila baada ya dakika kumi analihamisha mwenyewe.