Kasuku Wako Anatafuna Mti Gani?

Kasuku akishashiba, kazi inayofuata ni kutafuna. Atatafuna kijiti anachosimamia, mlango wa kizimba na, akipata nafasi, mguu wa kiti chako cha sebuleni. Usimgombeze. Mdomo wake haukomi kukua, na huko msituni ndege hawa hushinda wakibambua magome ya miti. Akikosa cha kutafuna, aghalabu huanza kujinyonyoa manyoya.

Kwa hivyo mpe mti. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani huokota kipande chochote kilichobaki kwa seremala. Jihadhari na mbao zenye rangi ya kijani kijani: nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa iliyo na shaba, kromiamu na aseniki. Plaiwudi imejaa gundi, na ubao wenye rangi ya zamani huenda una madini ya risasi. Kasuku wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hadi 500 tu. Sumu kidogo yamtosha.

Je, mbao za paleti? Tafuta muhuri. HT maana yake ni kwamba ziliuawa wadudu kwa joto. MB ni kwamba zilifukizwa kwa gesi ya sumu, nazo usizitumie. Hata hizo za HT, kama zina madoa ya mafuta au kemikali, ziache.

Ukiniuliza mimi, hakuna kinachoshinda tawi la mpera ambao haujanyunyiziwa dawa ya wadudu. Lisugue kwa brashi na maji ya moto, kisha ulianike juani hadi likauke kabisa. Mwanzi mkavu na kifuu cha nazi pia vinafaa.

Lakini usithubutu kumpa tawi la mparachichi, yaani avokado. Majani, magome na hata tunda tunalokula sisi na chapati lina sumu inayoshambulia moyo wa ndege. Anaweza kufa kwa siku moja au mbili, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Mnyaa wa ua nao una utomvu mkali, uepuke.

Angalia pia unaning'iniza kwa nini. Waya wa mabati una zinki, na kasuku ataulamba na kuutafuna vile vile. Tumia chuma kisichoshika kutu, au kamba fupi ya pamba, na ukate nyuzi zinazochomoza zisije zikamnasa vidole.

Ukimwona anatapika, anatetemeka, miguu imelegea au kinyesi kina damu, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, nawe ubebe kipande alichokuwa akitafuna. Sumu ya risasi au zinki hutibika kwa sindano zikianzwa mapema, mradi daktari ajue anapambana na nini.