Jeraha la Ubongo kwa Kijana na Kazi ya Familia Katika Kupona Kwake

Jeraha la ubongo litokanalo na ajali ni madhara yanayoupata ubongo kichwa kinapogongwa, kinapotikiswa kwa nguvu au kinapopenywa na kitu, na kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki hutokea barabarani, hasa katika safari za bodaboda zisizo na helmeti. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Takwimu hiyo, pamoja na uzito wake, huwaficha wale ambao hawakufa, na ambao matibabu yao hufanyika nyumbani zaidi kuliko wodini.

Ukubwa wa jeraha hukadiriwa kwa kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett katika mji huo wa Uskochi, ambacho huangalia mambo matatu tu, yaani kufumbua macho, kujibu kwa maneno na kusogeza viungo, kisha hutoa alama kuanzia 3 hadi 15, ambapo alama 8 na kushuka huashiria jeraha kubwa. Picha ya CT-skani huonyesha damu iliyovilia, ambayo daktari wa upasuaji huenda akaiondoa, lakini haionyeshi vizuri kuchanika kwa nyuzi ndefu za neva zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Ndiyo maana familia huweza kuambiwa kwamba picha haina tatizo kubwa ilhali mgonjwa hajazinduka, na yote mawili yakawa kweli.

Kuzinduka kwenyewe si tukio la dakika moja. Kijana hufumbua macho kabla hajatambua chochote, kisha aghalabu hupita katika kipindi cha fadhaa ambapo huchomoa mipira ya dawa, hutukana na hata kumpiga mama yake, na baada ya hapo huongea vizuri lakini kumbukumbu mpya hazishiki, hivyo huuliza swali lile lile asubuhi nzima. Kipindi hiki, kinachohesabiwa tangu ajali hadi anapoanza kukumbuka mambo ya kila siku bila kukatika, huwapa madaktari dalili nzuri ya yatakayofuata, kwani kadiri kinavyorefuka ndivyo uwezekano wa upungufu wa kudumu unavyoongezeka. Hapa desturi njema huleta tabu, kwa kuwa ukoo na majirani wanaojaa kando ya kitanda wakisalimia na kuomba kwa sauti humlemea mgonjwa ambaye ubongo wake bado haujaweza kuchuja kelele. Mtu mmoja au wawili, wanaojitaja majina na kumweleza tena bila kuchoka yupo wapi na leo ni siku gani, humfaa zaidi.

Mwili hutangulia kupona. Maendeleo ya haraka hutokea katika miezi sita ya kwanza, ilhali fikra na tabia huweza kuendelea kubadilika kwa miaka miwili na zaidi, kwa hiyo huja wakati kijana anatembea, anakula, anacheka, na kila mtu anaamini amepona. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayoongoza kupanga, kuanza jambo, kujizuia na kupima matokeo, huumia mara nyingi katika ajali za namna hii, nayo ndiyo inayochelewa kukomaa, hadi mtu anapokaribia miaka 25. Jeraha la umri wa miaka 15 huikuta kama nyumba iliyohamiwa kabla haijaezekwa. Matokeo yake ni kijana asiyeanza kazi mpaka aambiwe, anayeropoka mbele ya wageni na kuwaka kwa jambo dogo. Na kwa kuwa ni umri ambao ukaidi hutarajiwa, wazazi huona jeuri, mwalimu huona uvivu, na jirani huona jini. Kosa hili la utambuzi huweza kuumiza kuliko upungufu wenyewe, maana humpeleka kijana kwenye adhabu wakati alihitaji utaratibu na usingizi.

Mchango wa familia una ushahidi mzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2005 Lucia Willadino Braga na wenzake, wa mtandao wa hospitali za SARAH nchini Brazil, walichapisha utafiti uliowagawa watoto wenye majeraha ya ubongo kwa kura, kundi moja likihudumiwa moja kwa moja na wataalamu na jingine likifanyishwa mazoezi na wazazi waliofunzwa na wataalamu, na baada ya mwaka mmoja kundi la wazazi ndilo lililopiga hatua zaidi. Watoto hao walikuwa wadogo kuliko vijana wa sekondari, lakini hoja inabaki: zoezi lililomo ndani ya shughuli za siku hurudiwa mara nyingi kuliko la kliniki, na ubongo hujenga njia mpya kwa kurudia. Kupika chai kwa hatua zilizoandikwa ukutani, mpaka hatua moja moja zianze kufutwa. Kutumwa dukani vitu viwili, kisha vinne. Kuandika kila jambo katika daftari moja. Kurudi shule kwa nusu siku kwanza, kwa sababu uchovu wa ubongo ulioumia huja ghafla: hayo ni matibabu. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba “familia” katika maelezo kama haya kwa kawaida humaanisha mama au dada mmoja, anayeacha biashara au masomo yake, na mpango wa hospitali usiotaja atakayempokea zamu haujakamilika.

Ipo imani ya zamani, iliyotiwa nguvu na majaribio ya Margaret Kennard kwa tumbili katika miaka ya 1930, kwamba ubongo mchanga hupona vizuri kuliko uliokomaa. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kwa majeraha yaliyoenea hali huwa kinyume mara nyingi, kwa kuwa stadi ambazo hazijajengeka ndizo zinazoathirika, na upungufu wake hujitokeza tu zinapohitajika: kidato cha pili huenda kikapita salama, na kidato cha tatu, chenye mzigo mkubwa wa masomo, kikamshinda mwanafunzi yuleyule. Kifafa nacho kinaweza kuanza miaka kadhaa baada ya jeraha kubwa. Kwa hiyo inafaa hati ya kuruhusiwa hospitalini ihifadhiwe pamoja na vyeti vya shule, na nakala yake apewe mwalimu wa darasa kila mwaka mpya wa masomo, kwani anayemkuta kijana mchangamfu asiye na kovu linaloonekana hana njia nyingine ya kujua.