Malengelenge ya Sehemu za Siri: Lini Kupima, Lini Kuwahi

Baadhi ya wakazi wa Kijenge wanaoingiwa na hofu baada ya kujamiiana bila kinga hutaka kupimwa damu kesho yake. Kwa malengelenge ya sehemu za siri, yaani hepesi, haraka hiyo haisaidii: kingamwili huchukua majuma kadhaa, pengine 12 au zaidi, kuonekana katika damu. Kinachosema mapema ni kidonda. Mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 2 na ya 12, na mgonjwa afike kabla hakijakauka ili tabibu akione na kuanza tiba, bila kungoja maabara. Hata hivyo, wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote. Ngozi safi ya mwenzi si ushahidi, na kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza.

Lisilongoja ni VVU. Dawa za kinga, PEP, huanzwa ndani ya saa 72, tena mapema iwezekanavyo, na kumezwa kwa siku 28. Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru haiko mbali.

Hepesi haiponi kabisa, ila asikloviri hufupisha muda wa vidonda. Mjamzito amweleze mkunga mapema, kwani mtoto aweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa.