Trei ya mbao yahifadhi maji ya maua na miche wakati wa kiangazi

Kuanzia Mei hadi Novemba, wakazi wa Mvumi huishi miezi saba bila mvua ya kutegemewa. Mvua ya mwaka mzima katika ukanda huu ni milimita 500 hadi 600 hivi, nayo hunyesha katika msimu mmoja. Upepo wa Julai na Agosti hukausha haraka udongo wa kopo la maua au kiriba cha mche wa mpapai, na kaya hulazimika kugawa maji yaleyale baina ya jiko na mimea. Trei ya mbao yenye kokoto hupunguza mvutano huo.

Vipande vya mbao vinavyobaki kwa seremala vinatosha. Kitako huwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40, na kuta zake kimo cha sentimita 8. Ndani hutandikwa nailoni nzito ya kipande kimoja, inayopanda hadi ukingoni na kupigiliwa misumari midogo juu kabisa. Msumari mmoja uliopigwa chini ya usawa wa maji huvujisha trei nzima. Kisha humwagwa kokoto za mviringo zilizooshwa, kina cha sentimita 3. Za korongoni ndizo bora, kwa kuwa hazitoboi nailoni, na Mvumi haina uhaba wa makorongo. Maji hujazwa hadi sentimita 2, yaani lita mbili hivi, na makopo hukaa juu ya kokoto bila kugusa maji, ili mizizi isioze.

Wapo wanaodhani kwamba trei hii hulowesha hewa ya chumba kizima. Sivyo. Unyevu unaopanda kutoka kwenye kokoto huishia karibu na majani, na barazani penye upepo hupeperuka mara moja. Faida kubwa ni nyingine: maji yanayochuruzika kutoka kwenye kopo baada ya kumwagilia hayapotei sakafuni. Ili yarudi kwenye mizizi, kipande cha kitambaa cha pamba, hata cha khanga kuukuu, hupitishwa katika tundu la kopo wakati wa kupanda, ncha moja ikabaki ndani ya udongo na nyingine ikazama majini. Kitambaa huvuta maji kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa.

Jambo lisilopaswa kupuuzwa ni mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga katika maji machache yaliyotuama karibu na makazi. Kwa hiyo kila wiki maji hayana budi kumwagwa chini ya mti uani, na kokoto pamoja na kuta za nailoni kusuguliwa kabla ya kujazwa upya. Usafi huo huondoa pia ukoko mweupe wa chumvi unaoachwa na maji ya baadhi ya visima. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa kutumika. Yenye sabuni hayafai.

Trei iwekwe juu ya matofali, kivulini, na sehemu yake ya chini ikaguliwe mara kwa mara, kwani mchwa hupenda mbao zenye unyevu. Njia zao za udongo zikionekana kwenye matofali, zikwanguliwe siku hiyohiyo.