Mvue mtoto shati, utazame mgongo wake

Mtoto akiwa mdogo, mgongo wake unaonekana kila siku. Mama humwogesha, humpaka mafuta, humbadilisha nguo. Akifika miaka tisa au kumi anaanza kuoga mwenyewe, anafunga mlango, anavaa sare peke yake. Kuanzia hapo hadi anamaliza sekondari, mzazi anaweza kupitisha miaka bila kuuona mgongo huo hata mara moja.

Tatizo ni kwamba huo ndio wakati ambao uti wa mgongo unarefuka kwa kasi. Kama una kasoro ya kupinda, ndipo kasoro inapokua. Watoto wengi hawasikii maumivu yoyote, hivyo hawalalamiki. Mzazi anashtuka siku anapoona sketi ya shule imekaa upande, au fundi cherehani anapomwambia bega moja la mtoto liko juu kuliko lingine.

Wataalamu wa mifupa na fiziotherapia hurudia jambo moja kwa wazazi: matatizo mengi ya mgongo yana nafuu kubwa yakigundulika mapema, na kugundua kwenyewe kunaanzia nyumbani.

Mgongo umejengwaje?

Uti wa mgongo wa binadamu una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake ipo mifupa iliyoungana hadi kwenye kifandugu. Katikati ya pingili moja na nyingine kuna diski, ambazo kazi yake ni kupokea mshtuko mtu anapotembea, kuruka au kubeba mzigo.

Ndani ya pingili hizo unapita ugwe mgongo, yaani njia kuu ya neva inayotoka kwenye ubongo. Ndiyo maana tatizo la mgongo linaweza kujionyesha mbali na mgongo wenyewe: ganzi mguuni, miguu kukosa nguvu, au mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kuanza tena.

Mgongo unaopinda kwenda upande

Hali hii huitwa skoliosisi. Uti hupinda kwenda kulia au kushoto na kujizungusha kidogo, kiasi kwamba mbavu za upande mmoja hutokeza nyuma. Madaktari huihesabu kuwa skoliosisi pale picha ya eksirei inapoonyesha mpindo wa nyuzi 10 au zaidi. Inakadiriwa kuwapata vijana wawili hadi watatu katika kila 100. Wengi wao huwa na mpindo mdogo ambao hautahitaji tiba kubwa, lakini kwa wasichana mpindo huelekea zaidi kuongezeka.

Kwa vijana wengi chanzo chake hakijulikani. Begi zito la shule halisababishi skoliosisi, wala kulala vibaya, wala kubebwa mgongoni utotoni. Mama hana sababu ya kujilaumu. Ila hali hii huonekana zaidi katika baadhi ya familia, kwa hiyo mtoto mmoja akiwa nayo, ndugu zake nao wachunguzwe.

Kumchunguza mtoto nyumbani kunachukua dakika mbili. Avue shati na viatu, asimame wima akikupa mgongo. Kwa binti, kazi hii aifanye mama, shangazi au dada mkubwa, mahali pa faragha. Tazama mambo manne: mabega yako sawa? Mifupa ya bega imetokeza sawa? Nafasi kati ya mkono na kiuno inalingana pande zote? Nyonga ziko sawa?

Kisha mwambie aunganishe viganja na kuinama mbele taratibu, magoti yakiwa yamenyooka, kama anayetaka kugusa vidole vya miguu. Mtazame kutoka nyuma. Ukiona upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine kama kilima kidogo, mpeleke hospitali akapimwe.

Kifua kikuu kinachokaa mgongoni

Wengi wanajua kifua kikuu ni ugonjwa wa kukohoa. Lakini bakteria wake wanaweza kusafiri kwa damu kutoka mapafuni na kuingia kwenye pingili, wakazila polepole. Mtoto mwenye kifua kikuu cha mgongo anaweza asikohoe hata kidogo.

Dalili zake huja taratibu: maumivu ya mgongo yanayodumu kwa wiki kadhaa, homa za jioni, jasho la usiku, kukosa hamu ya kula na kupungua uzito. Mtoto huanza kutembea kwa tahadhari, amekakamaa. Ukimwomba aokote sarafu sakafuni, hainamishi mgongo. Anachuchumaa huku akijishikilia paja. Ugonjwa ukiendelea, pingili huporomoka na nundu ndogo hutokeza katikati ya mgongo.

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza muda. Nundu ikionekana, wapo wanaosema mtoto amelogwa. Wengine humpeleka kwa mkandaji anyooshwe mgongo, na wengine humficha ndani kwa aibu ya kibiongo. Kukandamiza au kuvuta mgongo ambao pingili zake zimeliwa kunaweza kuuumiza ugwe mgongo na kumwacha mtoto akiwa amepooza miguu.

Ugonjwa huu unatibika. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya afya vya Serikali. Kwa kifua kikuu cha mgongo, matibabu huchukua muda mrefu kuliko cha mapafu, kwa kawaida miezi 9 hadi 12. Wachache huhitaji upasuaji. Mtoto anayeanza dawa kabla miguu haijalegea ana nafasi nzuri sana ya kupona akiwa anatembea.

Maumivu ya kawaida

Si kila mtoto anayesema “mgongo unauma” ana ugonjwa mkubwa. Vijana wengi huumwa kwa sababu ya kukaa muda mrefu kwenye dawati lisilolingana na kimo chao, kuinamia simu, kucheza mpira bila kupasha mwili moto, au kubeba mizigo mizito. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20. Kwa mtoto wa kilo 30, hiyo ni theluthi mbili ya uzito wake. Mgawanyie katika vidumu vidogo.

Begi la shule nalo linashauriwa lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Wa kilo 30 abebe kilo tatu, zisizidi nne na nusu, na avae mikanda yote miwili.

Maumivu ya aina hii hupungua ndani ya wiki chache. Kumlaza mtoto kitandani siku nzima hakumsaidii, kwa kuwa misuli hulegea na mgongo huzidi kukakamaa. Aendelee na shughuli zake nyepesi, atembee, acheze.

Usisubiri ukiona haya

Mpeleke mtoto hospitali mapema iwapo:

- Maumivu yanamwamsha usiku, au yamezidi wiki nne.
- Ana homa, jasho la usiku au anapungua uzito.
- Kuna nundu au mpindo mgongoni.
- Ana umri chini ya miaka 10 na maumivu hayaishi.
- Ni mchanga na ana uvimbe, shimo au kishungi cha nywele mgongoni kwa chini.

Mpeleke siku hiyo hiyo iwapo miguu imekosa nguvu au ina ganzi, iwapo ameshindwa kukojoa au kuzuia haja, au iwapo maumivu yamemwanza baada ya kuanguka kutoka mtini au kupata ajali ya bodaboda. Aliyepata ajali asiinuliwe kwa kukunjwa. Alazwe kwenye ubao au kitu kigumu, kichwa na shingo vikiwa vimeshikiliwa, kisha asafirishwe.

Ndani ya chumba cha fiziotherapia

Mzazi anayedhani atakuta mashine nyingi au masaji hushangaa. Siku ya kwanza sehemu kubwa ni mazungumzo na vipimo: mtoto anaumwa wapi, alianza lini, anakaaje darasani. Mtaalamu hupima nguvu za misuli, hisia za ngozi na uwezo wa kuinama na kujipinda. Baada ya hapo ndipo hupanga mazoezi, na kila tatizo lina yake.

Kwa maumivu ya kawaida, mtoto hufundishwa kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na makalio. Zoezi moja maarufu ni kulala chali, kukunja magoti, nyayo zikiwa sakafuni, kisha kuinua makalio, kuhesabu hadi tano na kushuka, mara 10. Lingine ni kupiga magoti na kushika chini kwa viganja, kisha kunyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, halafu kubadilisha. Haya ni kwa mtoto aliyekwisha kupimwa na kuonekana hana tatizo kubwa.

Kwa skoliosisi, mpindo usiofika nyuzi 25 kwa kawaida hufuatiliwa kwa picha kila baada ya miezi kadhaa, huku mtoto akifundishwa mazoezi maalumu ya kujinyoosha na kupumua. Ukiwa kati ya nyuzi 25 na 40 na mtoto bado anakua, daktari anaweza kuagiza mkanda mgumu wa plastiki unaovaliwa kiwiliwili. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa asilimia 72 ya waliovaa mkanda walimaliza kukua bila mpindo kufika nyuzi 50, kiwango ambacho madaktari hufikiria upasuaji. Kwa waliofuatiliwa bila mkanda, walikuwa asilimia 48. Walishauriwa kuuvaa saa 18 kwa siku, na waliouvaa muda mrefu zaidi walinufaika zaidi. Mkanda huzuia mpindo usiongezeke wakati wa kukua, kwa hiyo kijana aliyekwisha kumaliza kukua hafaidiki nao.

Kwa kifua kikuu cha mgongo, fiziotherapia huenda pamoja na dawa. Mtoto aliyelegea miguu hugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, viungo vyake huchezeshwa visikakamae, kisha hufundishwa kukaa, kusimama kwa kushikilia, na kutembea kwa magongo. Mazoezi ya kuinama huachwa hadi daktari athibitishe kuwa pingili zimeimarika.

Kazi kubwa iko nyumbani

Mtaalamu humwona mtoto nusu saa, labda mara moja kwa wiki. Siku nyingine zote mgongo uko mikononi mwa familia. Sababu mbili hukatiza tiba mara nyingi: nauli inakuwa ngumu, au maumivu yanaisha na familia inaona mtoto amepona wakati misuli bado dhaifu.

Kama nauli ni tatizo, mwambie mtaalamu tangu siku ya kwanza. Anaweza kupanga kliniki chache zaidi na kukufundisha mazoezi ya nyumbani. Mwombe akuruhusu kurekodi video fupi kwa simu, ili mtoto asikosee akiwa nyumbani. Chagueni saa moja isiyobadilika, mfano kabla ya kuoga jioni, dakika 10 hadi 15 zinatosha.

Fanyeni pamoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na wazazi wengi wamo humo. Mtoto akimwona baba naye yuko kwenye mkeka, hatalichukulia zoezi kama adhabu.

Kwa asiyejua pa kuanzia, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ndiyo hatua ya kwanza. Huko atapewa barua ya rufaa ikihitajika. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina huduma ya fiziotherapia, na matatizo makubwa ya uti wa mgongo hupelekwa hospitali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake hana shida yoyote, uchunguzi mara mbili kwa mwaka unatosha. Njia rahisi ya kukumbuka ni Januari na Julai, shule zinapofunguliwa. Siku ya kujaribisha sare, kabla hajavaa shati, mwambie asimame wima, kisha ainame.